Samaki wa Siam na Bakuli la Kioo

Siku hizi, katika baadhi ya nyumba za Maskati, kando ya chetezo cha ubani na sahani ya halua, huwekwa bakuli dogo la kioo lenye samaki mmoja wa mapezi marefu laini kama hariri. Na mwenye nyumba akiulizwa hujibu kwa yakini kwamba beta hahitaji nafasi, maadamu asili yake ni madimbwini. Rai hiyo ina tarehe yake.

Kwao beta ni Siam, ndiyo Thailand ya leo, katika makonde ya mpunga, vinamasi na mifereji ya bonde la mto Chao Phraya, ambako maji, ingawa ni haba kwa kina, yameenea kwa upana na kujaa majani. Wenyeji walimfuga kwa ajili ya kumpiganisha, na Theodore Cantor, tabibu wa Denmark aliyeandika habari zake mwaka 1849, alieleza kwamba ruhusa ya kuendesha michezo hiyo ilikuwa ikilipiwa, nayo ikimpatia mfalme mapato makubwa. Jina la kitaalamu analojulikana nalo hata leo, Betta splendens, alipewa na Charles Tate Regan wa Uingereza mwaka 1910.

Kwa kuwa madume mawili hayakai pamoja bila ya kujeruhiana, wafugaji walimtenga kila mmoja katika chupa yake, wakimbadilishia maji mara kwa mara. Wauzaji nao wakaishika desturi ile, na mnunuzi, aliyemkuta samaki chupani, akaidhani chupa kuwa ndiyo maskani yake. Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilizuka hata fasheni ya kumtia ndani ya chombo cha maua, kwa madai kwamba atajilisha mizizi, ilhali riziki yake ni wadudu na viluwiluwi vya mbu.

Kinachowahadaa watu zaidi ni umbile lake. Mtazame: hupanda polepole, hugusa uso wa maji kwa mdomo, humeza funda la hewa, kisha hushuka akiacha kiputo nyuma yake, kwani juu ya matamvua ana kiungo cha kuvutia pumzi, hata maji yakipungukiwa na oksijeni asife upesi. Walakini kiungo hicho hakimkingi na amonia itokayo katika kinyesi chake na mabaki ya chakula, ambayo humchoma matamvua kama samaki mwingine yeyote, na ambayo katika lita mbili za maji hukithiri kwa muda mfupi.

Hapa Maskati madhara huzidi. Beta hutaka maji ya nyuzi 24 hadi 28, na maji machache hufuata hali ya chumba: kiyoyozi huyapoza usiku, na jua la dirishani huyachemsha mchana. Isitoshe, tangu mtambo wa Ghubra ulipoanza kazi mwaka 1976, mji umetegemea sana maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, na maji ya bomba hutiwa klorini; basi ambadilishiaye samaki maji kila mara bila ya kuiondoa kwanza, humdhuru kwa nia njema.

Hukumu yangu ni kwamba bakuli dogo halimfai beta hata kidogo. Apewe tangi la lita 20 hivi, lenye mfuniko, chujio la mkondo mpole, hita na majani ya kujificha. Na wauzaji wamwambie mnunuzi hayo kabla ya kupokea fedha yake. Asiyeweza kuyatimiza, namsihi asimnunue.