Gécamines ilikuwa baba: tuliachiwa nini Likasi?

Wasikilizaji wetu wa Likasi, na ninyi jamaa mliokimbia makwenu na sasa mnatafuta kazi hapa, ni vizuri mjue kazi ya mji huu ilitoka wapi.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni ilichukua wanaume kwa muda mfupi, kisha wakarudi vijijini. Kuelekea mwaka 1930 ikabadilisha desturi: mfanyakazi aje na bibi na watoto. Alipewa nyumba kambini, posho, matibabu na masomo ya watoto. Watu wakasema kampuni ni baba na mama.

Lakini baba huyo alikuwa na fimbo. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na Élisabethville pia, wakidai mshahara. Tarehe 9, huko Élisabethville, askari walipiga risasi na watu wengi wakafa.

Mwaka 1967 Serikali ilichukua kampuni, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Wakubwa walibadilika, desturi ikabaki: mfuko wa unga uliendelea kuingia nyumbani. Kisha mambo yakaharibika. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa. Jamaa nyingi zililala kwenye gare ya Likasi zikingoja treni. Shaba ilishuka kutoka tani zaidi ya 400,000 kwa mwaka hadi chini ya 50,000.

Mwaka 2003, kwa feza ya Banki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Wengi walikuwa na miezi mingi bila mshahara. Walipewa feza mara moja, lakini posho, hospitali na masomo vilikatika pamoja na kazi. Wamama ndio walioshika nyumba, kwa soko na mashamba.

Leo kampuni nyingi zinaajiri kupitia wakandarasi. Hakuna baba tena, ila kuna sheria: Kodi ya Kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya mfanyakazi na jamaa yake. Basi kabla ya kutia saini, uliza: mwajiri wangu ni nani hasa? Mtoto akigonjwa, nani analipa? Kazi ikiisha, nitaondoka na nini?

Wazee wetu hawakuzoea kuuliza hayo, maana baba alikuwepo. Sisi tuulize.