Safari ya Lita Moja

Historia ya gari kwa kawaida husimuliwa kama historia ya mwendo: nani alikimbia kuliko wenzake, na injini ya nani ilikuwa na nguvu zaidi. Iko historia nyingine ambayo kwa maoni yangu ina mafunzo makubwa kuliko hiyo. Ni historia ya lita moja ya petroli: humfikisha mtu wapi, na ni kitu gani kilichomfanya mwanadamu aanze kuijali. Maana ghala likijaa, hakuna anayepima unga.

Hapo mwanzo ghala lilikuwa limejaa kweli. Fikra ya kuunganisha injini ya petroli na mota ya umeme katika gari moja si ya juzi. Mwaka 1900 fundi kijana, Ferdinand Porsche, akifanya kazi katika kampuni ya Lohner mjini Vienna, alitengeneza gari aliloliita Semper Vivus, yaani “hai daima”. Injini zake za petroli zilizalisha umeme, na umeme huo ukazungusha mota zilizokuwa ndani ya magurudumu. Lakini gari hilo lilikuwa zito na la gharama, na petroli ikazidi kuwa rahisi. Fikra njema ikawekwa kando kwa zaidi ya miaka tisini, si kwa sababu ilikuwa mbaya, bali kwa sababu hapakuwa na shida ya kuiita.

Shida ilibisha hodi mwezi Oktoba 1973. Kufuatia vita vya Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta na kuzinyima kabisa baadhi ya nchi. Bei ya pipa, iliyokuwa kiasi cha dola 3, ilikaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974. Uholanzi ilipiga marufuku magari siku ya Jumapili, na watu wakatembea na kuendesha baiskeli katika barabara kuu. Marekani iliweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88.

Kwa matajiri hayo yalikuwa maudhi. Kwetu sisi lilikuwa pigo. Tanzania ililipa mafuta kwa kahawa, pamba na katani, na bei za mazao hayo hazikupanda kwa kasi ya bei ya pipa. Kisha yakaja mapinduzi ya Iran ya 1979, bei ikaruka tena, nasi ndio kwanza tulikuwa tunatoka katika vita vya kumng’oa Idi Amin. Hapo ndipo sisi nasi tulipoijua Jumapili isiyo na magari: ikifika alasiri, gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani bila kibali. Tuliokuwa tukifundisha miaka ile twakumbuka kwamba mafuta ya taa yakikosekana, karabai hazikuwaka, na masomo ya usiku yakafa. Lori likikosa dizeli, mahindi yalikaa kijijini na wanafunzi walikaa na njaa. Ndiyo maana sikubali mtu anaponiambia kwamba uchache wa mafuta katika gari ni jambo la wenye magari peke yao. Kila lita inayopotea bure mahali fulani, kuna asiye na gari anayeilipa.

Mwalimu wa pili, baada ya shida, alikuwa sheria. Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria iliyowataka watengenezaji wafikishe wastani wa magari madogo kwenye maili 27.5 kwa galoni ifikapo 1985, yaani karibu kilomita 12 kwa lita. Sheria ilifanya kazi. Lakini iliacha mlango wazi: magari yaliyohesabiwa kuwa malori mepesi yalipewa masharti nafuu. Bei ya mafuta iliposhuka katikati ya miaka ya 1980, wanunuzi na watengenezaji waliupita mlango huo wote pamoja. Magari makubwa ya kifamilia, marefu kwa kimo na mazito, yakawa fahari ya mji. Wastani wa magari mapya ya nchi ile, uliofika kilomita 9.4 kwa lita mwaka 1987, ulishuka hadi kilomita 8.2 mwaka 2004. Ufundi haukurudi nyuma. Ulitumika kuvuta uzito.

Mwalimu wa tatu alikuwa ufundi wenyewe. Mwaka 1993 kampuni ya Toyota ilianzisha kazi ya kubuni gari la karne ijayo, na mhandisi Takeshi Uchiyamada akapewa uongozi wake. Nusu ya faida haikutosha; wakuu wake walitaka matumizi ya mafuta yaboreshwe mara mbili. Matokeo yake, Prius, yaliuzwa Japani kuanzia Desemba 1997, na katika vipimo vya nchi hiyo gari hilo lilifika kilomita 28 kwa lita.

Siri yake si muujiza. Gari la kawaida likifunga breki, mwendo wote uliolipiwa kwa petroli hugeuka joto na kupotea hewani. Katika gari mseto, au haibridi, mota hugeuka dainamo wakati wa kupunguza mwendo, na sehemu ya nguvu ile hurudi katika betri. Kwenye foleni injini huzimika, na wakati wa kuondoka umeme husaidia. Kwa hiyo mjini, mahali ambapo gari la kawaida hula zaidi, ndipo hili linapookoa zaidi.

Ufundi huo haukuwaondoa watu katika magari marefu. Uliwafuata humo humo. Mwaka 1994 Toyota ilikuwa imetoa RAV4, gari la kimo cha juu lililojengwa kwa vipande vya magari madogo, na aina hiyo, krosova, ikaenea duniani. Ford ilitoa Escape ya mseto mwaka 2004. Mwaka 2016 Kia ya Korea ilileta Niro, krosova ndogo iliyobuniwa tangu mwanzo kuwa na mota ya umeme, na vipimo vya serikali ya Marekani vikaipa aina yake ya uchache kabisa kiasi cha kilomita 21 kwa lita. Mwisho wa mwaka huo huo, madereva wawili waliendesha Niro kutoka Los Angeles hadi New York, karibu kilomita 6,000, wakapata zaidi ya kilomita 32 kwa lita, rekodi iliyoingizwa katika orodha ya Guinness.

Tofauti hiyo ya kilomita 11 haikutoka kiwandani. Ilitoka katika mguu wa dereva: kutazama mbali, kuachia mafuta mapema, kutoshindana na mtu. Huyo ndiye mwalimu wa nne, naye ndiye anayesikilizwa kwa nadra kuliko wote.

Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons aliandika juu ya makaa ya mawe akaonyesha jambo la kushangaza: mashine za mvuke zilipotumia makaa kidogo, taifa lilitumia makaa mengi zaidi, kwa kuwa matumizi yalikuwa yamekuwa rahisi. Onyo hilo latuhusu. Magari mseto yaliyokwisha kutumika Japani yanashuka siku hizi katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na mnunuzi huuliza kwanza, “Linakula mafuta kiasi gani?” Swali ni zuri, na aongeze la umri wa betri. Lakini akishapata gari linalokula kidogo, kisha akaliendea hata dukani mtaa wa pili, atakuwa amenunua akiba na kuitumia siku hiyo hiyo. Mashine yaweza kupunguza matumizi. Kiasi hujiwekea mtu mwenyewe, ghala likiwa bado limejaa.