Waliokuja Kujifunza Lugha Tarime na Serengeti

Mtu atakaye kusimulia tarehe ya nchi iliyo baina ya mto Mara na mpaka wa Kenya, pamoja na nyika za Mugumu na Ikoma zilizo kusini yake, aghalabu huanza na ng'ombe, au na vita vya koo, au na dhahabu ya Nyamongo, au na wanyama wa mwitu. Lakini iko desturi nyingine katika nchi hiyo ambayo haijapata haki yake kwa waandishi, nayo ni ile ya kumpokea ajnabi nyumbani, kumlisha na kumlaza, na kumfundisha kusema.

Katika nchi nyingine za dunia jambo hili limekwisha kuwa kazi yenye utaratibu na malipo. Atakaye Kihispania huenda Hispania, au mji wa Antigua katika Guatemala, akasoma asubuhi darasani na jioni akarejea kwa mama mwenye nyumba, ambaye kwa kumpakulia chakula na kumwuliza habari za mchana humfundisha yale ambayo kitabu hakiwezi. Wamisionari wa Maryknoll wa Marekani, waliofika Bolivia mwaka 1942, walianzisha shule ya lugha ya namna hiyo katika mji wa Cochabamba. Na wenzao wa shirika hilo hilo, waliofika Musoma mwaka 1946, walikuwa na shule yao ya Kiswahili Makoko, kando ya ziwa. Kwa hiyo historia ya mwanafunzi wa Kihispania katika nyumba ya Wabolivia na ya mwanafunzi wa Kiswahili katika nchi ya Mara ni matawi ya shina moja, ingawa tawi la huku limeandikwa kidogo sana.

Wageni wa mwanzo hawakuja kujifunza. Oscar Baumann, Mwaustria, alipita Ngoreme na Ikoma mwaka 1892 na msafara wenye bunduki, akaandika aliyoyaona, na asiyoyaona akayapata kwa mdomo wa tarjumani. Wajerumani waliojenga boma Ikoma na kituo Shirati walitawala kwa njia hiyo hiyo. Na Waingereza waliowafuata, japokuwa maafisa wao walilazimika kufaulu mtihani wa Kiswahili, walijifunza Kiswahili cha vitabu, lugha ambayo bibi kizee wa Bwirege, katika nchi ya Wakurya, hakuijua zaidi ya walivyoijua wao. Tusiwalaumu kupita kiasi, maana kazi yao haikuwataka wasikilize. Lakini ni dhahiri kwamba mtu akaaye ndani ya boma huzisikia amri zake mwenyewe kuliko maneno ya watu.

Mwaka 1934 Wamennonite wa Marekani, wakiongozwa na Elam Stauffer, walifika Shirati, ambayo zamani hizo ilikuwa katika nchi ya Tarime, kabla Rorya haijatengwa kuwa wilaya mwaka 2007. Hao nao walijenga nyumba zao mbali kidogo na za wenyeji, wakategemea vijana wa mahali kuwa macho yao na masikio yao. Na mmoja wa vijana hao, Zedekia Kisare wa Kiseru, akawa mwaka 1967 askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa lao. Watu hutaja uaskofu wake kwa haki, lakini ni wachache wakumbukao kwamba utumishi wake ulianza pamoja na wageni wasiojua kusema, na kwamba kumfasiria mgeni dunia usiku na mchana ni elimu kwa afasiriaye pia.

Dalili iliyo wazi kupita zote ya heshima ya kazi hiyo ya kumfundisha mgeni iko hatua chache kusini ya mto Mara, katika Uzanaki. Mwaka 1955 Julius Nyerere, aliyekuwa amehutubia Umoja wa Mataifa huko New York kwa ajili ya chama cha TANU, alitakiwa kuchagua baina ya siasa na ualimu wake katika shule ya Pugu. Akauacha ualimu, akarejea kwao Butiama, na kwa miezi kadhaa akawa mwalimu wa Kizanaki wa Padre Arthur Wille wa Maryknoll, akamsaidia pia kutafsiri maandiko ya kanisa kwa lugha hiyo. Msomaji na atafakari jambo hili kwa makini: mtu mwenye shahada ya Edinburgh, ambaye baada ya miaka saba angekuwa Rais wa nchi, na baada ya minane angetoa tafsiri ya Shakespeare kwa Kiswahili, aliketi na mgeni akimrudishia matamshi, neno kwa neno. Ikiwa mtu wa cheo hicho hakuiona kazi hiyo kuwa ndogo, sisi tuna hoja gani ya kuwadharau akina mama waliofanya kazi ile ile bila ujira wala kutajwa?

Maana hao ndio waliokuwa walimu wa kweli. Malcolm Ruel, Mwingereza aliyefanya utafiti Bwirege baina ya mwaka 1956 na 1958, ameacha maandishi ambayo hata leo hayana mfano kuhusu rika na ibada za Wakurya, na maandishi ya namna ile hayapatikani kwa kuuliza maswali mlangoni. Mji wa Mkurya wa zamani ulikuwa na zizi la ng'ombe katikati, na kando yake nyumba, kila mke na nyumba yake na ghala yake. Basi mgeni aliyekubaliwa mle hakupata mama mmoja bali kadhaa, kila mmoja na usemi wake. Naye ilimpasa kujua mahali pake, kwani Wakurya wamegawanyika katika vizazi vinavyofuatana kwa duara, upande mmoja Abasai na upande wa pili Abachuma, kila upande na majina manne, na jina la mtu humwonyesha ni nani awezaye kutaniana naye kama babu na mjukuu, na ni nani apaswaye kumstahi kama mwana na baba. Mgeni asiyejua hayo huweza kusema sarufi iliyo sahihi na bado akatukana.

Na lugha yenyewe haina huruma kwa msomaji wa vitabu. Katika Kikurya, wakati wa kitenzi hutambulikana pia kwa mahali sauti ipandapo: katika wakati mmoja hupanda kwenye pigo la kwanza la shina, katika mwingine la pili, au la tatu, au hata la nne, na maandishi ya kawaida hayaonyeshi lolote katika hayo. Sikio hulipata jambo hilo mahali ambapo watu wanasemezana wao kwa wao bila kumjali mgeni, wakati wa kukamua, au wa kusonga ugali wa mtama na muhogo, au jioni wanapohesabu ng'ombe waliorudi.

Zama za Uhuru mambo yaligeuka. Kundi la kwanza la vijana wa Kikosi cha Amani cha Marekani lililokuja Tanganyika mwaka 1961 lilifunzwa kwanza Texas, kisha likapelekwa kambini Puerto Rico, kisiwa cha wasemao Kihispania, kana kwamba Afrika Mashariki ingeweza kufundishwa huko. Miaka mingi baadaye kikosi hicho kilitambua kwamba yafaa mwanafunzi wa Kiswahili alazwe katika familia ya Kitanzania. Huku nchini Nyerere alikwisha kuhutubia Bunge kwa Kiswahili Desemba 1962, na shule za msingi zikakieneza hata Mugumu na Nyamwaga, ikawa katika nyumba nyingi mwalimu wa mgeni si mama tena bali mtoto arudiye shuleni, awezaye kumgeuzia maneno ya bibi kwa Kiswahili na kumcheka waziwazi anapokosea. Wamisionari waliopelekwa Rosana kwa Wakurya, au Iramba kwa Wangoreme, walijikuta wana lugha mbili za kujifunza, ya darasani Makoko na ya jikoni. Na kwa maoni yangu, aliyeishia katika ile ya kwanza alihubiri kwa miaka mingi bila kusikia alichojibiwa.

Wasomi waliofuata waliijua siri hiyo. Eva Tobisson alitoa mwaka 1986 kitabu chake kuhusu familia za Wakurya wa Tanzania; na Jan Bender Shetler, aliyekusanya habari za kale kwa wazee wa Ikoma, Nata, Isenye na Ngoreme, alifanya jambo la insafu mwaka 2003 alipochapisha historia ambazo wenyeji wa Mara waliziandika wenyewe, badala ya kuzimeza ndani ya kitabu chake.

Lakini wazee waliosimulia habari za kale walau wamepata kuandikwa, ilhali waliomfundisha mgeni kuomba maji, kuamkia na kunyamaza mahali pa kunyamaza, hawamo katika daftari lolote. Wengi wao wamekwisha kufa, na waliosalia ni wakongwe. Parokia za Rosana na Iramba, makanisa ya Wamennonite, na walimu wa shule za Tarime na Serengeti wanaweza kuwatuma wanafunzi wao nyumba kwa nyumba wakaulize ni nani aliyemlaza mgeni fulani, mwaka gani, na ni nani katika nyumba ile aliyemfundisha kusema. Nasi tunawaomba waianze kazi hiyo sasa, majina yangali yanakumbukwa.