Mambo ya kuzingatia katika uchaguzi wa bloku ya maji ya kupoza prosesa

KADIRI prosesa za tarakilishi zinavyozidi kupata kasi, ndivyo joto linavyozidi kuwa adui wa wale wanaozitumia kwa kazi nzito kama vile uhariri wa filamu, usanifu wa majengo na michezo ya video.

Prosesa ya Ryzen 9 7950X, iliyozinduliwa na kampuni ya AMD mwaka wa 2022, huweza kutumia umeme wa hadi wati 230. Ile ya Core i9-13900K, iliyotolewa na Intel mwaka uo huo, hufikia wati 253. Takriban umeme huo wote hugeuka kuwa joto ndani ya vipande vya silikoni vinavyokaribiana na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Joto likipita kiasi, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue, na mnunuzi huwa amelipia nguvu asizozipata.

Bloku ya maji ni kipande cha madini kinachofungwa juu ya prosesa. Maji yanayosukumwa na pampu hupita ndani yake, yakachukua joto na kulipeleka kwenye rejeta, ambako feni hulitupa hewani kama ifanyikavyo katika gari. Maji hubeba joto takriban mara nne zaidi ya hewa yenye uzani sawa.

Vijia vya ndani

Nguvu ya bloku imo katika vijia vyake. Mwaka wa 1981, David Tuckerman na R.F.W. Pease wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kuwa maji yanayopita katika vijia vyembamba vilivyochongwa kwenye silikoni yanaweza kuondoa wati 790 za joto katika kila sentimita mraba, huku halijoto ikipanda kwa nyuzi 71 pekee.

Bloku bora za leo hufuata kanuni iyo hiyo. Sehemu yake ya chini huchongwa mapezi membamba yaliyokaribiana, na maji huelekezwa katikati kabla ya kugawanyika pande mbili. Hata hivyo, vijia vyembamba mno huzuia mtiririko na huziba upesi. Anayevichagua sharti awe na pampu yenye nguvu, na aisuuze rejeta mpya vyema kabla ya kuiunganisha, kwani mabaki ya kiwandani huishia kwenye vijia hivyo.

Madini

Shaba nyekundu hupitisha joto vizuri kuliko alumini. Kipimo chake ni takriban wati 400 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya halijoto, ilhali cha alumini safi ni takriban 237. Bloku nyingine hupakwa nikeli ili shaba isififie rangi. Upako huo hauongezi uwezo wa kupoza.

Hatari kubwa ni kuchanganya shaba na alumini katika mzunguko mmoja. Madini hayo mawili yakikutanishwa na maji hufanya kazi kama betri, na alumini huliwa polepole hadi ikatoboka. Bloku ya shaba yataka rejeta isiyo ya alumini.

Soketi

Bloku nzuri isiyokaa sawasawa ni hasara. Matundu ya kufungia kwenye soketi ya LGA1700 ya Intel yameachana kwa milimita 78, ilhali yale ya LGA1200 iliyoitangulia yaliachana kwa milimita 75. Kwa upande wa AMD, nafasi za matundu ya AM4 na AM5 ni sawa, lakini bamba la nyuma la AM5 haliondolewi. Prosesa za Threadripper nazo ni pana, hivyo huhitaji bloku iliyoundwa mahususi kwa ajili yake.

Kifuniko na viungio

Vifuniko vya akriliki huonyesha maji yakipita, lakini hupasuka vikikazwa kupita kiasi au vikisafishwa kwa spiriti. Vile vya asetali havipendezi sana machoni, ila ni vigumu zaidi. Viungio vingi hutumia hesi ya kipimo cha G1/4, na ni busara kuhakikisha kuwa bloku, pampu na rejeta zote zinakubaliana.

Maji ya mfereji au ya kisima hayafai, kwani chumvi zake huganda ndani ya vijia. Yanayotakiwa ni maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa, yakitiwa dawa ya kuzuia kutu na ukungu.

Kabla ya kuwasha tarakilishi, pampu huendeshwa peke yake kwa saa kadhaa huku karatasi kavu zikiwa zimetandazwa chini ya viungio. Tone moja likionekana wakati huo ni kazi ya kukaza kiungio. Likionekana baadaye, huenda likaangamiza ubao mkuu na vyote vilivyomo.

Aidha, hakuna bloku inayoweza kushusha maji chini ya halijoto ya chumba. Katika chumba cha Mombasa chenye nyuzi 32, maji hayatapungua kiwango hicho, na rejeta kubwa huenda ikasaidia kuliko bloku ya bei ghali. Kwa prosesa ya wati 65, feni ya kawaida hutosha, na fedha hizo zinaweza kununulia kumbukumbu zaidi.