Mapazia ya Bibi Havisham

Mtu aliyekipenda kitabu haendi kuitazama sinema yake kwa moyo mtulivu. Huenda kama mzazi aendaye kumwona mwanawe aliyelelewa kwa watu: amekonda au amenenepa? Wamemfunza adabu gani? Bado ananijua? Na atokapo mlangoni hakosi neno la kusema. Mabishano ya namna hii yamekuwako tangu sinema ilipoanza kuchota hadithi zake vitabuni, nami sijaona riwaya iliyostahili kubishaniwa kuliko Great Expectations, yaani Matarajio Makubwa, ya Charles Dickens wa Uingereza.

Kwa wasomaji ambao hawajaisoma, nitaisimulia kwa ufupi. Pip ni yatima anayelelewa na dada yake mkali na shemeji yake Joe, mhunzi mpole, katika nchi ya mabwawa huko Kent. Siku moja, makaburini walikozikwa wazazi wake, anakamatwa na mfungwa aliyetoroka, naye kwa hofu iliyochanganyika na huruma anamwibia chakula cha nyumbani na tupa ya kukatia pingu. Baadaye anaitwa kwenda kucheza katika nyumba ya Bibi Havisham, mwanamke tajiri aliyeachwa na mchumba wake siku ya arusi, ambaye tangu saa ile hakuvua vazi lake, wala hakuruhusu saa za ukutani ziende, wala mwanga wa jua uingie ndani. Humo anamkuta Estella, msichana mzuri aliyelelewa makusudi ili aivunje mioyo ya wanaume. Kisha anakuja mwanasheria Jaggers na habari ya ajabu: mtu asiyetaka kutajwa anampa Pip mali ili awe bwana mkubwa. Pip anakwenda London, anavaa, anatumia, anaingia katika madeni, na anamwonea haya Joe. Anaamini kwamba mfadhili wake ni Bibi Havisham. Kumbe ni Magwitch, yule mfungwa wa makaburini, aliyepelekwa Australia na kuchuma mali huko kwa jasho lake.

Mwaka 1946 David Lean aliifanya riwaya hiyo kuwa sinema. Fikira hiyo aliipata ukumbini: mwaka 1939 mwigizaji kijana, Alec Guinness, aliitengenezea hadithi ile mchezo wa jukwaani mjini London, akauigiza yeye mwenyewe kama Herbert, rafiki wa Pip, na Martita Hunt akawa Bibi Havisham. Lean aliutazama, ukamkaa moyoni. Vita vilipokwisha akawachukua wote wawili katika picha yake, kila mmoja katika nafasi ile ile. Aliyeiona sinema hiyo hausahau mwanzo wake: mtoto anakimbia peke yake chini ya mbingu pana, upepo unavuma, matawi ya mti yanalia, na ghafula mikono ya mfungwa inamdaka. Mwaka 1948 Marekani iliitunukia sinema hiyo tuzo mbili za Oscar, moja kwa upigaji wa picha na moja kwa mapambo ya mandhari.

Walakini sifa ni jambo moja na ridhaa ya wasomaji ni jambo jingine. Wapenzi wa Dickens wana chama chao tangu mwaka 1902 na jarida lao tangu mwaka 1905, na kwa watu wa namna hiyo kuondoa mhusika mmoja ni kama kumkata mtu kidole. Yuko wapi Orlick, mfanyakazi wa Joe, yule mwovu aliyempiga dada yake Pip hata akapooza? Katika sinema hayumo kabisa. Na John Mills, aliyemwigiza Pip kijana wa miaka ishirini na kitu, mbona alikuwa anakaribia arobaini? Malalamiko kama haya nayapokea kwa urahisi. Kitabu kina sura 59, na sinema haikuzidi saa mbili. Asiyetaka kitu kipunguzwe na abaki na kitabu chake.

Neno zito liko mwishoni. Katika kitabu tunachokisoma, Estella ameolewa na Drummle, mtu mkatili, akateswa, akafiwa naye. Nyumba ya Bibi Havisham imekwisha kubomolewa. Baada ya miaka mingi Pip anarudi jioni, ukungu umetanda, anamkuta Estella kwenye kiwanja kitupu, na wanatoka pale wameshikana mikono. Msomaji anaachwa ajiamulie kama waliishi pamoja au la. Lean hakuuchukua mwisho huo. Katika sinema Drummle anamwacha Estella kabla ya ndoa, baada ya kuambiwa asili ya wazazi wake. Nyumba ingali imesimama. Na Estella ameketi katika kiti kile kile cha Bibi Havisham, gizani, tayari kuozea humo kama mlezi wake. Pip anayararua mapazia, jua linaingia, vumbi linaonekana, na wote wawili wanakimbilia nje.

Hapa nina kosa langu la kukiri. Nilikuwa nimekifundisha kitabu hiki miaka minne, na wanafunzi wangu walikwisha kuionyeshwa sinema katika ukumbi wa shule. Katika mtihani, msichana mmoja aliandika kwamba hakuna anayejua Pip aliishia wapi, na kwamba mwisho wa sinema ni halali kama mwisho wa kitabu. Niliukata ukurasa wake kwa wino mwekundu: “Hukusoma kitabu.” Kesho yake alinijia mezani, kitabu mkononi. “Samahani, mwalimu,” akasema, “Dickens yupi ndiye wa kweli?” Akafungua kurasa za nyuma. Nakala yake, tofauti na yangu, ilikuwa na nyongeza; na katika nyongeza ile mlikuwa na mwisho wa tatu, ambao mimi, mwalimu wake, sikuwa nimeusoma hata siku moja.

Nilikwenda kutafuta, na haya ndiyo niliyoyapata. Riwaya ilitoka kila juma katika gazeti la Dickens mwenyewe, All the Year Round, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Ilianza kutoka hivyo kwa sababu ya wasomaji: hadithi ya mwandishi mwingine, Charles Lever, ilikuwa imewachosha, mauzo yakashuka, na Dickens akaona hapana budi kuingia uwanjani kwa kalamu yake. Alipokaribia kumaliza, aliandika mwisho mfupi na mkavu. Katika mwisho huo Estella ameolewa mara ya pili, na tabibu. Siku moja mjini London anamwona Pip akitembea na mtoto mdogo, ambaye ni mwana wa Joe. Anadhani ni mtoto wa Pip, anambusu, na Pip hamsahihishi. Wanaagana. Basi.

Mwezi wa Juni 1861 Dickens alimwonyesha kurasa hizo rafiki yake Edward Bulwer-Lytton, mwandishi aliyesomwa sana siku zile. Bulwer-Lytton akamsihi aubadilishe, naye akakubali, akaandika kile kiwanja, ule ukungu na ile mikono. Hata sentensi ya mwisho aliigeuza maneno tena baadaye. Mwisho wa kwanza ulilala mpaka mwaka 1874, Dickens akiwa amekwisha kufa, ndipo rafiki yake John Forster alipouchapisha katika kitabu cha maisha yake na kusema kwamba ndio uliolingana zaidi na hadithi. Tangu hapo wasomaji wamegawanyika. George Bernard Shaw alikuwa upande wa mwisho wa kwanza, na toleo lililotoka mwaka 1937 pamoja na utangulizi wake liliurudisha mahali pake.

Kwa hiyo, Lean alipoupindua mwisho, mlango ule ulikuwa wazi kwa miaka 85. Na aliyeufungua alikuwa mwandishi, kwa kusihiwa na msomaji. Sisemi kwamba kila badiliko ni zuri. Mwaka 1998 Alfonso Cuarón aliihamishia hadithi Florida na New York za siku zetu, akambadilisha Pip hata jina, na mimi nikaona nyama imebaki lakini chumvi imekwisha. La Lean nalifahamu kwa njia nyingine. Sinema yake ilitoka Desemba 1946. Tangu Septemba 1939, kwa amri ya serikali, kila dirisha la Uingereza lilifunikwa usiku ili ndege za adui zisione taa, na amri hiyo ilidumu, ingawa ililegezwa mwishoni, mpaka mwaka wa mwisho wa vita. Watu waliokaa miaka hiyo nyuma ya vitambaa vyeusi, wengine wakiwa wamefiwa, walimtazama kijana akiyararua mapazia mazee. Nadhani hawakuhitaji kuulizwa kama ndivyo kilivyoandikwa kitabu.

Nililipeleka swali darasani, na kipindi kizima kikaenda. Wengi wa wasichana walikuwa upande wa Lean: Estella aliharibiwa na mtu mzima, kwa nini alipe yeye? Wavulana kadhaa walitaka ule mwisho mkavu, wakisema kwamba Pip hakustahili zawadi. Mmoja wao, ambaye aghalabu hasemi, alisimama akasema kwamba sisi sote tunabishana juu ya mtu asiyehusika. Kwake hadithi ilikwisha siku Joe alipokuja London kumtembelea Pip, na kofia yake ikawa haitulii pale alipoiweka, na Pip akatamani ageni wake aondoke. “Mwalimu,” akasema, “baba yangu alikuja hapa siku ya wazazi na baiskeli. Nilimwambia aiache nje ya lango.” Hakuna aliyecheka. Sinema haikumpunguza Joe, akaongeza, ndiyo maana haina deni kwake.

Insha ya yule msichana niliirudia. Nilifuta maneno yangu mekundu, nikampa alama zake zote isipokuwa moja, kwa kuwa jina la Magwitch alilikosea herufi mara tatu.