Joto la Kawaida la Injini ya Pikipiki na Hatua za Kuchukua Inapochemka

Injini ya pikipiki hufanya kazi ikiwa moto, hivyo si kila joto ni hitilafu. Katika pikipiki zinazopozwa kwa maji, joto la maji hayo kwa kawaida huwa kati ya nyuzijoto 75 na 105 za Selsiasi, kutegemea aina ya chombo. Pikipiki nyingi za bodaboda hupozwa kwa upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda na hazina kipimo cha joto. Dereva hutegemea dalili.

Dalili kuu ni nguvu kupungua, injini kugonga inapopanda mlima na harufu ya oili inayoungua. Kisababishi huwa oili pungufu au iliyochakaa, tope lililoziba mapezi, au mzigo mzito katika mwendo mdogo.

Dalili hizo zisipuuzwe. Pistoni inaweza kunasa ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likajifunga ghafla na kuwaangusha dereva na abiria.

Dereva anapaswa:

- kusimama mahali salama, kuzima injini na kuiacha ipoe yenyewe;
- kutoimwagia maji baridi, kwani chuma kikisinyaa ghafla kinaweza kupasuka;
- kutofungua mfuniko wa rejeta ikiwa moto, kwa kuwa maji huruka kwa nguvu na kuunguza;
- kukagua oili baada ya injini kupoa.

Tatizo likijirudia, pikipiki ipelekwe kwa fundi kabla ya kubeba abiria tena.