Itolewe au Ibaki? Historia ya Bandama na Damu Isiyokoma

(Muziki wa kufungua, kisha unapungua)

MTANGAZAJI: Leo tunasimulia historia ya ugonjwa usiozungumzwa sana. Mtu hajaumia popote, lakini ngozi yake inatoka madoa mekundu na ya zambarau. Akipiga mswaki, fizi zinatoa damu. Mama akiingia hedhi, siku zinapita na damu haikomi. Hospitali inampa vidonge, anapata nafuu. Vidonge vikipunguzwa, madoa yanarudi. Mwishowe daktari anasema: tunaweza kufanya upasuaji, tuitoe bandama. Hapo familia inabaki na swali zito. Tukubali, au tusubiri? Msimulizi wetu anaanzia mbali kidogo.

MSIMULIZI: Asante. Tuanzie Ujerumani, mwaka 1735. Daktari Paul Gottlieb Werlhof aliandika habari za msichana aliyetokwa na damu na kujaa madoa mwilini. Aliuita ugonjwa wa madoa ya damu, na kwa miaka mingi ukajulikana kwa jina lake. Lakini Werlhof hakuweza kujua chanzo chake, maana kilichopungua katika damu kilikuwa hakijagunduliwa.

Kiligunduliwa karibu miaka 150 baadaye. Mwaka 1882, Mwitalia Giulio Bizzozero alieleza kuhusu vipande vidogo sana ndani ya damu ambavyo hukusanyika pale mshipa unapochanika na kuziba tundu. Tunaviita chembe sahani. Mtu mzima mwenye afya ana chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu, yaani tone dogo kabisa. Muda si mrefu madaktari waliona kwamba wagonjwa wa madoa wana chembe hizo chache mno.

Sasa likaja swali: zinakwenda wapi? Wengine walisema uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, umeshindwa kuzitengeneza. Wengine walisema zinatengenezwa vizuri, ila kuna kitu kinaziharibu.

Katika mji wa Prague, mwaka 1916, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Paul Kaznelson alikuwa upande wa pili. Alidhani mharibifu ni bandama, ambayo wengine huiita wengu, kiungo kilicho upande wa kushoto chini ya mbavu. Alimshawishi mwalimu wake, Profesa Schloffer, aitoe bandama ya mwanamke aliyeugua kwa muda mrefu. Chembe sahani zake, zilizokuwa karibu zimekwisha, zikapanda haraka baada ya upasuaji. Kuanzia hapo, kutoa bandama kukawa tiba kubwa ya ugonjwa huu.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo bandama ndiyo mkosaji?

MSIMULIZI: Subiri kidogo. Kuna waliotolewa bandama na bado hawakupona. Pia ilionekana kwamba mama mwenye ugonjwa huu anaweza kujifungua mtoto mwenye chembe sahani chache, na mtoto huyo akapona mwenyewe baada ya wiki kadhaa. Ni kana kwamba kitu fulani kilipita kutoka damu ya mama kwenda kwa mtoto, kisha kikaisha.

Mwaka 1950, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, daktari kijana William Harrington aliamua kulipima jambo hili kwenye mwili wake mwenyewe. Yeye na mwenzake James Hollingsworth walichukua damu ya mwanamke mgonjwa, takriban nusu lita, na Harrington akawekewa mshipani. Baada ya saa chache chembe sahani zake zilianguka karibu kwisha. Alishikwa na degedege, na madoa yakamtoka mwilini. Wenzake walikaa naye wakihofia damu isije ikavuja kwenye ubongo. Baada ya siku kama tano chembe zake zilirudi. Leo hakuna kamati ya utafiti ambayo ingeruhusu jaribio la hatari kama lile. Lakini swali lilipata jibu: ndani ya damu ya mgonjwa kuna kitu kinachoua chembe sahani.

Kitu hicho ni kingamwili. Kinga ya mwili ni kama walinzi wa kambi. Kazi yao ni kukamata wageni wabaya, yaani vijidudu. Katika ugonjwa huu walinzi wanawakosea wenyeji kwa wageni. Wanazitia alama chembe sahani, na zikipita kwenye bandama zinakamatwa na kuharibiwa. Bandama basi ni mahali pa kukamatia, lakini amri imetoka kwingine. Baadaye ilijulikana pia kwamba kwa wagonjwa wengi uboho nao hauzalishi chembe za kutosha. Pande zote mbili za ubishi wa zamani zilikuwa na sehemu ya ukweli.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Na tiba zilifuata njia hiyo?

MSIMULIZI: Zilifuata. Kila tiba ilikuja na faida yake, na kila moja ina gharama yake.

Miaka ya 1950 zilianza kutumika dawa za jamii ya kotisoni. Prednisoloni tunayoijua ni ya ukoo huo. Huwatuliza wale walinzi, ni ya bei nafuu, na wagonjwa wengi hupata nafuu mwanzoni. Tatizo ni kwamba kwa watu wazima wengi ugonjwa hurudi dozi inapopunguzwa. Mtu akiimeza kwa miezi mingi, sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofika, usingizi hupotea, na maambukizi kama kifua kikuu hupata nafasi. Ndiyo maana siku hizi madaktari hupendelea kuitumia kwa wiki chache tu. Lakini aliyeitumia kwa muda asiiache ghafla mwenyewe. Hupunguzwa hatua kwa hatua.

Mwaka 1981, Paul Imbach na wenzake kule Bern, Uswisi, walitangaza kwamba kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangia damu wengi, zikitiwa mshipani, hupandisha chembe sahani za watoto kwa siku chache. Ni tiba nzuri wakati wa hatari. Lakini ni ghali sana, na nguvu yake huisha baada ya wiki kadhaa.

Kisha mwaka 1994 watafiti walifanikiwa kuipata homoni inayouamuru uboho kutengeneza chembe sahani. Kutokana na ujuzi huo, mwaka 2008 Marekani iliidhinisha dawa mbili, romiplostimu ya sindano na eltrombopagi ya vidonge. Wagonjwa wengi wenye ugonjwa sugu wamesaidika nazo bila upasuaji. Bei ndiyo ukuta. Zipo pia dawa za zamani za bei nafuu zaidi, kama azathioprini, na dapsoni iliyotumika kutibu ukoma, ingawa kabla ya dapsoni ni vizuri kupima kama mgonjwa ana upungufu wa kurithi unaofanya damu yake ivunjike kwa dawa hiyo.

MTANGAZAJI: Turudi kwa familia yetu. Bandama itolewe au ibaki?

MSIMULIZI: Faida ya upasuaji ni kubwa. Takriban watu wawili kati ya watatu hupata nafuu ya muda mrefu, bila vidonge vya kila siku. Lakini bandama ikitoka hairudi, na ilikuwa na kazi. Huchuja damu na kukamata vijidudu. Tangu mwaka 1952 madaktari wameandika habari za watu wasio na bandama wanaozidiwa na maambukizi kwa saa chache tu. Na kwetu sisi, wengi tunaishi penye malaria. Mtu asiye na bandama anaweza kupata malaria kali zaidi.

Kwa sababu hiyo, miongozo iliyotolewa Marekani mwaka 2019 na chama cha wataalamu wa damu inapendekeza kusubiri angalau mwaka mmoja kabla ya upasuaji, kwa kuwa wengine hupona ndani ya muda huo. Mtu mzima mwenye chembe 30,000 au zaidi, asiyetokwa na damu au anayetoka kidogo tu, anaweza kufuatiliwa bila dawa. Watoto wengi hupona wenyewe ndani ya mwaka. Kinachotibiwa ni damu inayotoka na maisha ya mgonjwa, si namba ya maabara peke yake.

MTANGAZAJI: Basi tuulize nini tukifika kwa daktari?

MSIMULIZI: Kwanza, je, tuna uhakika ni ugonjwa huu? Malaria, VVU, homa ya ini na baadhi ya dawa pia hupunguza chembe sahani. Hata bakteria wa vidonda vya tumbo wakitibiwa, baadhi ya wagonjwa hupata nafuu. Pili, tumejaribu dawa gani na zipi zimebaki? Tatu, kama ni upasuaji, chanjo za nimonia na uti wa mgongo zitapatikana angalau wiki mbili kabla? Nne, baadaye nikipata homa usiku, nitafika wapi haraka?

Na jambo moja kwa watu wa safari kama sisi. Aliyetolewa bandama atunze karatasi inayosema hivyo, pamoja na tarehe ya upasuaji na ya chanjo. Akihamishwa kambi au nchi, aionyeshe kliniki mpya siku ya kwanza. Homa yoyote kwake ni dharura. Alale ndani ya chandarua kila usiku.

MTANGAZAJI: Na mwenye ugonjwa huu, awe na bandama au hana, asimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki bila kumuuliza mhudumu wa afya. Akiumwa kichwa ghafla na vikali, akichanganyikiwa, akitapika damu, au damu isipokoma, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Wengine wa familia wanaweza kukubali upasuaji, wengine wakasubiri, na wote wakawa wamechagua vyema, mradi wameuliza kwanza.

(Muziki wa kufunga)